Gede na makumbusho ya Malindi, uzoefu wangu mimi mtu wa Tanga

Mimi wa Tanga, kazi ndo imenileta Malindi, kwa hiyo kwa hesabu za pasipoti naishi nje ya nchi ingawa madera, dagaa na utani wa barazani ni vilevile. Wenzangu wa Bongo wakija kunitembelea swali ni lilelile, "twende wapi zaidi ya bichi", sasa naandika mara moja nipumzike.

Sehemu za Malindi mjini nazipitia haraka maana hata wewe utazipitia haraka. Tiketi moja inakuingiza nguzo ya Vasco da Gama, kanisa dogo la Wareno na ile Nyumba ya Nguzo ambayo ndo makumbusho yenyewe, so usiitupe. Nguzo iko kwenye ncha ya bahari, upepo mtamu, unapiga picha zako unaondoka. Kanisa ni kichumba tu cha makuti na makaburi uani. Makumbusho kuna silikanti, yule samaki wa kale aliyevuliwa huku 2001, nikacheka kweli maana kwetu Tanga hao wana hifadhi yao kabisa.

Na hadithi ya da Gama kila mtu atakupa nusu: alifika 1498, sultani akampokea vizuri, akapewa rubani wa kumvusha mpaka India. Nusu iliyobaki iko kwetu jamani. Wakati wa kurudi, Januari 1499, mabaharia wengi walishakufa kwa kiseyeye, wa kuendesha merikebu zote hawapo, basi ile São Rafael wakaichoma moto kwenye mafungu ya Mtangata, upande wa Tongoni. Nilimhadithia guide akanikazia macho kama namtania.

Sasa Gede. Hapa ndo pa kushinda siku nzima, na tangu 2024 iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, mi naona walichelewa. Ni magofu ya mji mzima wa kale wa Waswahili ndani ya msitu, una ikulu, msikiti mkuu, visima, kuta, nyumba zina vyoo vya ndani karne hizo, na mibuyu imejiotea inavyotaka. Kuna kaburi limeandikwa mwaka wa Hijria 802, yaani 1399. Wachimbaji wa mambo ya kale walipoanza kazi ya maana 1948 wakiongozwa na James Kirkman wakaokota kauri za China, shanga za Venice, mpaka mkasi, na nyumba zikaitwa kwa vitu hivyohivyo, Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, ukisimama mlangoni unajiuliza huyo mwenye mkasi alikuwa fundi nguo au vipi.

Kinachonisumbua akili mpaka leo ni kwamba Wareno walikaa Malindi karibu karne nzima, ni kama kilomita 15 tu hapo, na hawakuuandika huu mji hata mstari mmoja. Na kwa nini watu walihama mwanzoni mwa karne ya 17? Wengine wanasema maji, kisima cha karibu na msikiti kilizidishwa kina, wengine wanasema vita. Nenda na guide, bila guide utaona mawe tu utarudi unalalamika hela yako. Wangu alikuwa mzee mmoja mpole, mlangoni tu akaniambia, "Mwanangu, hiyo ndizi ifiche, kima hawa hawana haya." Na kweli hawana.

Kufika ni rahisi, panda matatu ya Malindi kwenda Mombasa unashuka Gede, kisha bodaboda au tembea, si mbali. Bei ya Mkenya, ya Afrika Mashariki na ya mgeni wa mbali ni tofauti, kwa hiyo beba kitambulisho, Kiswahili chako cha Tanga hakitoshi kuwa ushahidi. Viatu vifunike vidole, njia ina mizizi, bibi yangu mwenye magoti mabovu nisingempeleka mbali zaidi ya ikulu. Mbu wapo hasa jioni. Pembeni hapo kuna mradi wa Kipepeo, wanakijiji wanafuga vipepeo na pupa, yaani kipepeo akiwa bado kwenye kifuko chake, zinauzwa nje, watoto wataganda huko, so waanzishe na magofu kwanza la sivyo hamtoki kwa vipepeo.