Odoo au ERPNext kwa kampuni ya kati?
Odoo ya Ubelgiji na ERPNext ya India ni programu za kuendeshea biashara (ERP); zote huunganisha manunuzi, ghala, mauzo na hesabu katika mfumo mmoja, lakini gharama zake hazifanani. ERPNext ni programu huria, yaani isiyo na ada ya leseni, uhasibu ukiwemo, ilhali uhasibu kamili wa Odoo umo katika toleo linalolipiwa kwa kila mtumiaji; kampuni yenye makarani watano haitaumia, bali yenye watumiaji mia moja itauhisi mzigo huo kila mwaka.

Kwa upande wa matunzo, Odoo ina mtandao mkubwa zaidi wa mafundi, jambo ninalolipa uzito, kwa sababu kuhamia toleo jipya kunaweza kuvuruga marekebisho mliyojiandikia wenyewe, na aliyeyaandika akiwa ameshaacha kazi, mizigo hukwama ghalani. ERPNext humfaa zaidi mwenye mtaalamu wake wa Python (lugha ya kuandikia programu) na wa seva.

Kwa uthabiti, sioni iliyoizidi nyingine. Yoyote utakayoichagua, mtake mtoa huduma aiunganishe na mfumo wa serikali wa risiti za kodi za kielektroniki, yaani eTIMS ukiwa Kenya, au VFD ukiwa Tanzania, kisha atoe risiti ya kodi mbele ya mhasibu wako kabla hujatia saini mkataba.