Soli imebaki kwenye matope: buti na ovaroli za saiti, kipi cha kununua

Habari za saa hizi wakuu. Leo mezani nina jozi tatu za viatu na ovaroli mbili, na zote nimezinunua kwa hela yangu nikazipiga kazi saiti. Naanza na hili buti la mtumba, la mguu wa kulia, kwa sababu jozi yake ndiyo iliyoniumiza.

Litazameni. Ngozi nzima, kamba nzima, kisigino hakijalika hata kidogo. Nilililipia elfu arobaini kwenye mtumba, na moyoni nikasema huyu muuzaji hajui anachouza. Siku ya nne tunamwaga zege, nasikia mguu wa kushoto umekuwa mwepesi. Kugeuka nyuma, soli imebaki kwenye matope! Na usidhani ni gundi iliyoachia. Ngoja nisogeze kamera. Nikiminya hapa kwenye hili la kulia kwa kidole gumba, mnaona? Inameguka kama mkate wa juzi.

Soli hii ni poliyurethani, aina ya plastiki, ndiyo ile wanayoandika PU. Utamu wake ni kwamba ni nyepesi na inadunda, unasimama kutwa mgongo haulalamiki. Ubaya wake, unyevu wa hewani unaila polepole kwa ndani, na joto linaongeza kasi. Sasa chukua buti lililokaa miaka kwenye stoo huko Ulaya, likapanda kontena, likaja kukutana na fukuto la Dar. Kwa nje bado bi harusi, kwa ndani limeshakwisha. Kwamba halikuvaliwa hakusaidii chochote.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, likunje pale vidole vinapokunjia, halafu tazama ubavu wa soli. Ukiona nyufa nyembamba kama nywele, au soli inanata mkononi, au inatoa ungaunga, mrudishie mwenyewe kistaarabu. Kisha funua ulimi usome lebo. Buti la usalama lililotengenezwa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 20345 huwa limeandikwa tarehe ya kutengenezwa. Muuzaji atakwambia, "Kaka, hili la Mjerumani." Sawa, la Mjerumani, ila la mwaka gani?

Hili la pili ni jipya, la dukani, na bei yake ilinikata maini. Soli ni raba, na imeshonwa kuzunguka pembeni, uzi huu hapa unaonekana. Raba ni nzito, jioni utaisikia kwenye ugoko. Lakini haina ule ugonjwa wa kumeguka, na ikilika fundi viatu anaitoa anashona nyingine. Limeandikwa S3. Maana yake mbele lina kofia ya kulinda vidole, ndani ya soli kuna kinga ya kutobolewa na msumari, na ngozi inachelewa kuingiza maji. Kofia ya mbele inapimwa kwa pigo la jouli 200. Kwa hesabu ya saiti, ni kama mfuko wa saruji wa kilo 50 kudondoka kutoka chini kidogo ya goti. Sisi tunaokanyaga mbao zenye misumari, hiyo kinga ya soli kwangu inazidi hata chuma cha mbele. Muhuri wa S3 mtu anaweza kuugonga tu, kwa hiyo bado jicho lako litumike.

Nunua jioni, mguu ukiwa umevimba na kazi, na uende na soksi zako nene. Kidole kikigusa chuma dukani, usikubali kuambiwa litaachia. Chuma hakiachii.

Gambuti hizi sina maneno mengi. Siku ya zege vaa hizi. Saruji mbichi inakausha ngozi ya buti na inaunguza ngozi yako wewe mwenyewe. Suruali itoke nje ya gambuti, usiichomeke ndani, la sivyo zege litateleza humo humo na utakuja kulijua usiku.

Ovaroli. Hii ya bluu ni poliesta 65 kwa pamba 35: inakauka haraka, haipauki upesi, kwa kubeba matofali inatosha. Ila ukichomelea, iache nyumbani. Cheche ikitua, poliesta inayeyuka na kuganda mwilini. Hii ya kaki ni pamba tupu. Yenyewe inaungua na kutoboka, lakini hainati kwenye ngozi. Sasa igeuze ndani nje, tazama msambani. Ya bluu ina mshono mmoja, na hapa nilishachuchumaa mara moja, mnaona matokeo. Siwaonyeshi zaidi ya hapo. Ya kaki ina mistari mitatu ya uzi, na pembe za mifuko zimepigwa uzi mwingi mwingi. Hapo ndipo hela yako ilipo, rangi ni mapambo.

Mnaniuliza buti la mtumba nimelitupa? Ngozi ile nzima nitupe? Nimelipeleka kwa fundi wa katambuga pale kituoni, kaling'oa PU yote na kushonea tairi la gari. Hili la kushoto keshamaliza, likamateni mwone uzito wake. La kulia analifuata Jumamosi.