Daktari wa dharura: ajifunzie Goma au aende Muhimbili?

Daktari kijana wa Goma anayependa kazi ya dharura ana njia mbili. Akibaki, hospitali ya Ndosho itamfundisha majeraha ya risasi na mabomu kuliko kitabu chochote. Wagonjwa hawakosekani, kwa bahati mbaya. Ila mkono wake utazoea vita, huku moyo uliosimama ghafla au mtoto mwenye degedege ukimkuta hajajiandaa.

Muhimbili, Dar es Salaam, inafundisha ubingwa huu tangu 2010, miaka mitatu, mwalimu akiwa kando ya kitanda. Darasani ni Kiingereza, naye kasoma kwa Kifaransa. Kwa mgonjwa, Kiswahili kinamwokoa. Mimi ningeenda, mradi familia ipate wa kuitunza.