Aliniambia nikaangalie vitumbua: darasa la blakijeki nililolipia Ngamiani

Zimepita wiki kadhaa na hasira yangu haijapoa, basi naandika hivyo hivyo.

Kama unafikiria kujiandikisha kwa yule bwana anayefundisha blakijeki, ule mchezo wa karata wa kasino, kwenye chumba cha juu huku Ngamiani, Tanga, nisome kwanza. Jina lake silitaji. Nataka ujue tu kilichonikuta, kisha pesa ni yako.

Mimi siye niliyetakiwa kwenda. Mwanangu wa kwanza aliitwa kwenye usaili wa kazi ya kugawa karata katika kasino moja Dar es Salaam, akalipa shilingi 40,000 za jioni nne ili asiende kichwa kitupu. Siku ya kuanza akalala na malaria. Tukaomba pesa irudi, tukajibiwa kwamba ikishaingia haitoki. Nikasema sawa, nitakwenda mie, niandike kila kitu daftarini, nimfundishe kitandani. Nina duka dogo la vitambaa, napima na kujumlisha kwa kichwa mwaka wa ishirini na kitu sasa. Karata nazo si ngeni kwangu. Kwetu Makorora wahedi na sitini ilichezwa usiku wa Ramadhani mpaka daku. Pesa haijawekwa mezani kwetu hata siku moja na haitawekwa. Nalisema hili mapema, asije mtu akaniuliza mama mtu mzima alikuwa anatafuta nini kwenye kamari.

Kwa asiyeujua mchezo: unashindana na mgawaji wa kasino nani ataikaribia zaidi ishirini na moja. Kuvuta ni kuongeza karata, kukaa ni kutosheka na ulizonazo, na ukizidi ishirini na moja umepasuka. Mgawaji anaonyesha karata yake moja tu, nyingine kaificha.

Jioni ya kwanza ilikuwa ya malipo na ya kanuni za mgawaji: anavuta mpaka afike kumi na saba, hana hiari. Ilikuwa nzuri, ya haraka, hakuna la kusema.

Jioni ya pili ilinifurahisha kuliko kitu chochote nilichojifunza tangu niache shule. Hapa simpunji. Alitufundisha mikono laini, yaani mkono wenye ree inayohesabiwa kumi na moja na ikizidi inageuka moja. Ukishika ree na sita una kumi na saba, na karata moja zaidi haiwezi kukupasua hata iwe mzungu, yaani karata ya picha inayohesabiwa kumi. Kwa hiyo hukai. Watu huikalia kwa sababu kumi na saba inasikika kubwa. Kisha akatuwekea ree na saba. Mgawaji akionyesha mbili, saba au nane, unakaa. Akionyesha tatu mpaka sita, unaongeza dau mara mbili. Akionyesha tisa, kumi au ree, unavuta. Mkono ule ule mmoja, na uamuzi unabadilika kwa karata moja tu ya mwenzako! Alimgawia kila mtu, akamsubiri afikiri, hakumharakisha yeyote. Usiku ule nilirudi Makorora kwa baiskeli nikiirudia njia nzima: mbili saba nane, tatu mpaka sita, tisa kumi ree. Mwanangu alikuwa anatetemeka chini ya blanketi, na mie nimekaa ukingoni mwa kitanda namgawia karata. Kama ningeacha hapo, leo ningekuwa nawaambia nyote mwende.

Ikaja jioni ya tatu.

“Mgawaji akionyesha ree, kata bima,” akasema. “Kila mara. Usifikiri.”

Kwa asiyejua: bima ni dau la pembeni, nusu ya dau lako. Unabashiri kwamba karata iliyofichwa ya mgawaji ni ya kumi. Ikiwa ni kweli, unalipwa mbili kwa moja. Ikiwa si kweli, imekwenda. Nikaandika daftarini, halafu kalamu ikasita. Nikanyoosha mkono.

“Mwalimu, mbona hesabu inakataa?”

“Inakataa vipi?”

Nikamwambia karata ziko za namna kumi na tatu, na zinazohesabiwa kumi ni namna nne tu: kumi yenyewe na wazungu watatu. Nikikata bima ya elfu moja mara kumi na tatu, mara nne nitapata elfu mbili mbili, jumla elfu nane. Mara tisa nitapoteza elfu moja moja, jumla elfu tisa. Ile elfu moja iliyobaki imekwenda kwa nani?

Pakawa kimya. Kijana mmoja wa bodaboda aliyekaa mbele yangu akaanza kuhesabu kwa vidole. Mwalimu akacheka kidogo.

“Bi mkubwa, ukiwa na pikipiki hukati bima?”

“Ya pikipiki sheria inanilazimisha. Hii nani kanilazimisha?”

Vijana wakacheka, na safari hii walimcheka yeye. Nadhani ndicho kilichomuudhi. Akafunga karata zake, akanitazama juu mpaka chini, akasema: “Hesabu za dukani hazifiki huku. Kama umechoka kusoma, nenda kaangalie vitumbua vyako jikoni.”

Vitumbua! Sijawahi kuuza vitumbua maishani mwangu. Aliyeviuza ni mama yangu mkubwa, akasomesha watoto watano kwa kikaango kile, na hapakuwa na mtu mji huu aliyeweza kumdhulumu hata shilingi kumi. Bwana yule ni rika la mdogo wangu wa mwisho. Tangu nipande ngazi zake siku ya kwanza hakunipa shikamoo. Nilijiambia labda wanaofanya kazi mjini wamezoea hivyo, nikamsamehe. Lakini kumwambia mwanamke aliyelipa ada, mbele ya watoto wa watu, akaangalie vitumbua kwa sababu ameuliza swali ambalo huna jibu lake! Darasa zima likacheka tena, na sasa nilichekwa mimi. Nilibaki nimekaa. Nililipia jioni nne, nami ningezikaa zote nne.

Akaendelea, akaharibu zaidi. Akasema ukiwa na blakijeki yenyewe, yaani ree na karata ya kumi, ambayo hulipwa dau moja na nusu, na mgawaji anaonyesha ree, pokea malipo yaliyo sawa na dau lako kabla hajafunua, “uondoke na uhakika.” Nilifanya hesabu pembeni mwa daftari mikono ikitetemeka. Dau la elfu moja mara kumi na tatu: ukipokea uhakika wake unapata elfu kumi na tatu. Ukikataa, mara nne mnatoka sare hupati kitu, na mara tisa unalipwa elfu moja na mia tano. Hiyo ni elfu kumi na tatu na mia tano. Ni bima ile ile kaivalisha kanga nyingine. Sikunyoosha mkono tena.

Nyumbani nilikusanya vizibo vya soda, nikamwita shoga yangu wa mlango wa pili, tukagawa karata mpaka kahawa ikaisha. Hapo ndipo nilipogundua kosa lake kubwa kuliko la bima. Bwana yule haelezi sababu ya kitu chochote. Kila swali jibu lake ni “kariri.” Kwa nini nikiwa na kumi na mbili nikae mgawaji akionyesha nne, tano au sita, wakati karata zinazonipasua ni namna nne tu katika kumi na tatu? Kariri. Sababu yenyewe iko wazi ukikaa mezani saa moja. Mchezaji ndiye anayetangulia kuvuta. Ukipasuka, dau lako limeshachukuliwa, hata mgawaji naye apasuke dakika moja baadaye. Hiyo ndiyo faida yote ya nyumba, yaani kasino, ipo kwenye zamu. Mgawaji mwenye sita hana ruhusa ya kukaa kabla ya kumi na saba, naye hupasuka kama mara 42 katika 100. Basi mwache avute yeye. Dakika mbili tu zingetosha kueleza hilo, na nisingekuwa na haja ya kukariri nusu ya jedwali alilotugawia la lini uvute na lini ukae.

Haya, kuna jambo moja nilidhani kakosea na hakukosea, na nisipolisema nitakuwa nimemdhulumu. Kumi na sita dhidi ya kumi ya mgawaji: alisema vuta. Nilikataa moyoni, maana namna nane katika kumi na tatu zinakupasua pale pale. Mie na shoga yangu tulicheza mkono ule usiku mzima, yeye akivuta na mie nikikaa. Wote wawili tulipoteza kama mara tatu katika kila nne. Nikaelewa kwamba mkono ni mbovu kwa njia zote mbili, na hasara ya kuvuta ni ndogo kidogo tu kuliko ya kukaa, kwa sababu mwenye kumi hupasuka mara chache. Kumbe alikuwa na haki. Ila mbona hakututajia kwamba kuna meza zinazokuruhusu kujisalimisha, urudishiwe nusu ya dau, na kwamba mkono huo ndio wa kusalimisha? Hata nane mbili, alizosema daima tuzitenganishe, alizipitia kwa pumzi moja. Nane mbili zikikaa pamoja ni ile ile kumi na sita ya balaa. Ukizitenga kila moja inaanza upya. Nilimwona mama mmoja kijana kando yangu akiandika bila kuelewa, na mimi siruhusiwi kumweleza.

Lililoniudhi hata zaidi tuliligundua homa ilipompungua mwanangu. Jioni ya pili mwalimu alitugawia jedwali la karatasi ngumu, akasema ni “siri yangu, nimeitengeneza kwa miaka mezani.” Nikamwamini, nikalihifadhi kama hati ya nyumba. Mwanangu akafungua simu. Jedwali la namna hiyo lilipigiwa hesabu na wanajeshi wanne wa Marekani, Roger Baldwin, Wilbert Cantey, Herbert Maisel na James McDermott, walipokuwa kambini Aberdeen, Maryland. Walitumia mashine za mezani za kujumlishia, wakachapisha kwenye jarida la takwimu mwaka 1956. Baadaye Edward Thorp akaliboresha kwa kompyuta ya IBM. Watu wale walitoa jasho, wakaweka kazi yao wazi kila mtu aione. Bwana wetu kalipiga chapa, kafuta majina, kaliita siri yake. Na hata hivyo kalinakili vibaya, maana kwenye mstari wa bima katia maneno yake mwenyewe. Wala hakutuambia kwamba jedwali hubadilika kidogo kulingana na idadi ya pakiti za karata na kama mgawaji anavuta au anakaa kwenye kumi na saba laini.

Nawahurumia wale vijana. Watatu wao ni madereva wa bodaboda, na mmoja nisingeapa kwamba ametimiza miaka 18 ambayo sheria inataka. Mwalimu aliwaambia wakishika jedwali “mtaila kasino.” Hakuna anayeila kasino kwa jedwali hili. Kwenye meza yenye kanuni nzuri, anayelifuata bila kukosea hata mara moja bado anaiachia nyumba, kwa wastani, kama shilingi 500 katika kila 100,000 anazoweka. Meza ikilipa blakijeki sita kwa tano badala ya tatu kwa mbili, yaani dau la 10,000 likilipwa 12,000 badala ya 15,000, ongeza takriban 1,400 nyingine juu ya hizo. Jedwali linapunguza hasara, basi. Ukichezea vizibo ni raha tupu. Kijana anayetaka kuuza pikipiki yake alistahili kuambiwa hili jioni ya kwanza, kabla hata ya kufundishwa kuvuta. Jioni ya nne nilimwambia mmoja wao pale chini ya ngazi. Alinisikiliza kwa adabu. Sijui kama alinisikia.

Mwanangu alipanda basi stendi ya Kange, akaenda kwenye usaili. Walimuuliza blakijeki ya dau la 7,500 inalipwa ngapi, akajibu 11,250 papo hapo. Hilo lilitoka kwenye daftari langu la jioni ya kwanza, na jioni ya kwanza ilitoka kinywani mwa bwana yule. Anasubiri simu. Kwa hiyo nikiulizwa kama darasa lina faida, siwezi kusema halina. Malipo anayajua, na mikono laini anaifundisha kwa utulivu ambao sijaona kwa mwalimu mwingine. Nilifika mahali pa kusema nendeni jioni mbili za kwanza, muage.

Hapana. Nimeandika hivyo na nafsi imekataa. Msiende. Mtu anayejua kusubiri mwanafunzi afikiri, halafu akimwona mama kafikiri anamfukuza jikoni, huyo sitamtafutia wanafunzi hata wa jioni moja.

Nilimkuta juzi juzi kwenye kahawa. “Mambo, bi mkubwa.” Bado shikamoo haijapatikana. Nikamwambia ile 40,000 siidai. Nataka awaite wale wale aliowachekesha, aweke vizibo kumi na tatu mezani, tuhesabu pamoja bima mbele yao, na yeye ndiye aseme jumla kwa mdomo wake. Akasema ana darasa jipya linaanza, hana nafasi. Akamaliza kikombe, akapanda ngazi zake.

Jana kijana wa bodaboda amepita dukani kuniambia kuwa darasa jipya nalo limeshafundishwa kukata bima kila mara. Nimemwonyesha mkoba wangu. Vizibo vimo humo, kumi na tatu, nimeviosha.