Fundi kanishonea tepe tatu badala ya moja, alafu akanicheka mbele za watu

Naanza na nyota moja. Huenda nikaongeza nikifika chini manake mle ndani kuna mzee ambaye sitaki kumchanganya na yule kijana, lakini kwa sasa ni moja na sioni haya kuiandika.

Kibanda chenyewe kiko Mwembe Tayari, jina silitaji, cherehani ziko barazani na kanzu zimeangikwa mlangoni. Nilipelekwa na shoga yangu aliyeshonewa gauni la arusi pale na wallahi lile gauni lilimkaa. Mi nikapeleka kazi yangu, sare ya Luteni Uhura wa Star Trek, sirizi ya televisheni ya Marekani ya watu wa meli ya angani, ile nyekundu ya sirizi ya kwanza kabisa ya 1966. Ila yangu nilitaka ishuke mpaka chini ya magoti, mikono mirefu, niivae na suruali nyeusi, na kitambaa kitakachobaki anikatie mtandio wa rangi hiyohiyo kwa sababu mi navaa ushungi na sikuwa na nia ya kuuvua. Tarehe 8 Septemba ndo siku sirizi ilipoanza kuoneshwa Marekani na mashabiki huiadhimisha kila pembe, na sisi wachache wa hapa Mombasa hukutana kwa mwenzetu Tudor tukatazama zile za zamani mpaka usiku mkubwa, viazi karai na bhajia mezani, na mabishano yasiyoisha. Safari hii tukakubaliana kila mtu aje na sare.

Sasa wasiojua watasema sare ni sare tu. La. Kwenye ile sirizi ya kwanza rangi ni idara, manjano ni wanaoongoza meli, buluu ni wanasayansi na madaktari, nyekundu ni mafundi, walinzi na watu wa mawasiliano kama Uhura mwenyewe. (Yale manjano mnayoyaona kwa Kepteni Kirk kitambaa chake kilikuwa na ukijani, ni taa za studio na filamu ndo zikayageuza, nawaambia mjue watu walivyohangaika na nguo hizi.) Alafu chini ya mkono, karibu na kiganja, kuna tepe za dhahabu na hizo ndo cheo. Luteni ana moja. Kamanda ana mbili. Kepteni ana mbili nzima na katikati yake moja ya kukatika-katika. Mtu akitazama mkono tu ashajua anaongea na nani.

Na ile tepe moja ya Uhura ina historia yake, hapo ndo pananiuma. Sizoni zote tatu, 1966 mpaka 1969, alibaki luteni. Nichelle Nichols aliyemuigiza alichoka baada ya sizoni ya kwanza, akamwambia Gene Roddenberry, aliyeitunga sirizi, kwamba anaacha, anarudi jukwaani, na mwenyewe alihadithia mara nyingi kwamba ni Martin Luther King, yule mtetezi wa haki za weusi Marekani, aliyemzuia, akamwambia asiondoke, dunia inamuona mwanamke mweusi akiwa pale juu kwenye chumba cha uongozi, wala si mtumishi wa mtu. Akabaki. Akavumilia mistari mifupi ya kufungua laini za mawasiliano wiki baada ya wiki, na tepe yake moja mkononi. Cheo kikaja kupanda kwenye filamu za baadaye, ile ya 1982 ndo tukamuona kamanda. Kwa hivo mi nilivyosema nataka moja nilijua nasema nini.

Nikampa yule kijana picha nilizoprintisha, ya mbele, ya ubavuni, na moja ya mkono peke yake nimeikuza mpaka nyuzi zaonekana. Nikaandika kwa kalamu TEPE MOJA nikazungushia duara. Akapiga picha na simu yake, akapima, akasema hamna tabu dada. Kitambaa nilikitafuta mwenyewe Biashara Street duka baada ya duka, nikapata chenye manyoya laini kama mahameli kwa sababu sizoni mbili za kwanza sare zilikuwa za velour, na velour ile ilikuwa ikifuliwa inasinyaa mpaka sizoni ya tatu wakabadilisha kitambaa. Mi nilitaka ile ya mwanzo. Bei ya kitambaa nanyamaza.

Yale ya njoo kesho, njoo kesho kutwa, umeme ulipotea, sina haja kuyaandika, aliyewahi kushonesha nguo mji huu anayajua.

Mpaka siku moja baada ya alasiri ananipigia, iko tayari. Nikapanda tuktuk mbiombio. Na nitasema kweli, nilipoiona imeangikwa roho ilinifurahi. Mabega yamekaa, shingo ile nyeusi imezunguka sawasawa bila kukunjana, zipu ya mgongoni huioni mpaka uipapase. Huyu kijana mkasi anaujua, siwezi kumnyima. Nikaigeuza nitazame mkono.

Tepe tatu. Na si zile nyembamba, ni zari pana ya joho, ile ya maharusi, imemeta mpaka inaumiza macho. Mkono wa kulia tatu, mkono wa kushoto tatu.

Nkamwambia kaka, picha ilikuwa na moja. Akasema moja haikuwa na sura, nikaongeza ipendeze. Nkamwambia hili si pambo, ni cheo, ni kama ushonewe sare ya polisi wewe ni konstebo alafu fundi akubandike vya inspekta kwa sababu vyang'ara. Hapo ndo akacheka. Akawageukia kastoma wengine, kulikuwa na mama na bintiye wamekuja kwa mabuibui na kijana wa kanzu, akawaambia, "Mwaona, dada mzima huyu yuwagomba na mimi kwa nguo ya katuni." Wakacheka. Akazidi, "Si ushukuru nshakupandisha cheo?"

Nilinyamaza kwanza. Nilihisi uso wamoto. Mi si mtu wa kupiga kelele barazani kwa watu lakini siku ile sauti ilinitoka nikamwambia yote, na nayaandika hapa kwa sababu pale alikuwa hasikilizi alikuwa anacheka.

Katuni? Episodi ya kwanza kabisa kurushwa hewani, Septemba 1966, kuna kiumbe kinajigeuza mwanamume kinamsemesha Uhura kwa Kiswahili, na yeye anaelewa. Kwa Kiswahili, kwenye televisheni ya Marekani, Kenya haijatimiza hata miaka mitatu ya uhuru. Sirizi ya juzijuzi, Strange New Worlds ya 2022, Uhura akiwa bado mwanafunzi anasema wazi ametoka Kenya, amefiwa na wazazi na kakake kwenye ajali, anazungumza lugha 37. Huyo ni binti wa kwetu. Nichelle Nichols mwenyewe miaka ya sabini alifanya kazi na NASA, shirika la anga za juu la Marekani, kutafuta wanawake na watu weusi wajiunge na wanaanga, na Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kwenda angani, 1992, alisema wazi kwamba Uhura alimtia hamu tangu utotoni, na mwaka uliofuata akaigiza kwenye Star Trek yenyewe. Watu wa kweli wamepanda roketi za kweli. Na hata hiyo katuni yenyewe anayoitaja kwa dharau, ipo, ilitoka 1973, na humo ndimo Uhura alipoishika meli akaiongoza yeye wakati wanaume wote hawajiwezi, jambo ambalo ile ya waigizaji haikumpa. Kwa hivo hata tusi lake hakulijua.

Akanambia dada punguza presha.

Nilikuwa nshachukua simu nidai diposti yangu nirudishiwe, na hapo ndo mzee akatoka ndani. Sijui ni babake au ni mjomba, sikuuliza. Alikuwa ameshika kofia anayoidarizi, sindano bado iko kwenye kitambaa. Akasema, "Mwanangu, hebu nami nione hiyo picha." Nikampa. Akavaa miwani, akaitazama sana, akaitazama na nguo, akamwambia yule kijana kwa sauti ya chini lakini sote tulisikia, "Cheo cha mtu fundi haongezi." Kijana akainamia cherehani yake.

Mzee akafumua yeye mwenyewe. Na wembe, uzi mmoja mmoja, anaulegeza kwanza upande wa ndani ndo anauvuta, manake kitambaa cha manyoya ukikivuta kwa pupa chakufa papo hapo. Huku anafumua ananiuliza, huyu bibi ni nani, kazi yake ilikuwa gani kwenye chombo hicho, kwa nini alikaa luteni muda wote huo. Nikamweleza. Alisikiliza kama mtu anasikiliza habari za jirani yake. Akauliza yuko hai? Nikamwambia alifariki Julai 2022, ana miaka 89. Akasema Mungu amsitiri, akaendelea kufumua.

Alafu akaomba picha ya beji. Beji ya kifuani ni kama ncha ya mshale iliyopinda, na ndani yake kila idara ina alama yake, wa manjano wana nyota, wa buluu wana duara refu, wa nyekundu wana ile ya kujiviringa. Kijana alikuwa ashaikata kwa kitambaa cha dhahabu na kuibandika tu kwa gamu. Mzee akaibandua. Nilipoirudia nguo nikakuta ameidarizi kwa mkono, kazi ileile ya kofia, vile vitobo vidogo na uzi umezungushwa, ile alama ya ndani imejiviringa sawasawa na picha na pembeni hakuna uzi hata mmoja uliotoka nje. Nimeona beji zinazouzwa mitandaoni kwa pesa nyingi. Hakuna inayoikaribia. Hapa nilikuwa tayari kutoa nyota tano, naapa, nilikuwa nshaandika ujumbe kwa wenzangu wa Tudor niwaambie jamani nimepata fundi.

Sasa nenda kwa kijana ulipe salio. Akaniongezea pesa ya kufumua. Eti kazi ya ziada! Tepe alizozitia yeye, bila kuambiwa, zilizofumuliwa na mzee, nizilipie mimi. Mzee alikuwa ameenda kuswali, nikasimama pale nabishana na yule yule, mara anipe kisogo, mara ajifanye anapokea simu. Nikalipa M-Pesa nusu ya alichotaka ili nipate nguo yangu, siku ilikuwa karibu. Na alipoikunja akaikunja vibaya, manyoya ndani kwa ndani, nikamnyang'anya nikaikunja mwenyewe.

Nyumbani chini ya taa ndo nikaona. Pale tepe mbili zilipokuwa kuna mistari. Mzee alifanya alivyoweza lakini sindano ishapita, manyoya hayasimami tena. Mchana hayaonekani, usiku taa ikipiga ubavuni yanaonekana, mistari miwili iliyolala juu ya tepe moja. Nimepiga pasi ya mvuke upande wa ndani, nimepitisha brashi, wapi. Kule Tudor wote walianza na beji, waliishika, waliipiga picha, mmoja akataka kujua kama mzee anaweza kumdarizia ya buluu, nikafurahi. Alafu mmoja, na huyo jicho lake halikosi kitu, akanishika mkono akauliza, kwani hii ilikuwa ya kepteni? Sikuwa na la kumjibu nikaenda jikoni.

Kwa hivo nyota ngapi? Mzee tano, na kama angekuwa na kibanda chake peke yake nisingeandika maneno yote haya. Kijana hana hata moja kwangu, na si kwa kukosea, mafundi wote hukosea, ni kwa kukicheka kitu cha mtu aliyekuja kwako na pesa yake na picha zake na heshima zake. Nikichanganya naona ni mbili. Jana nilikuwa na tatu, lakini nimeivaa tena leo nikaona ile mistari. Mbili.

Mkienda nendeni asubuhi, mzee hukaa barazani mpaka adhuhuri, mpeni kazi yeye mkononi na mseme ashone yeye. Mkimkuta kijana peke yake semeni mtarudi.

Na mtandio wangu sijaupata. Aliniambia kitambaa kiliisha. Nilipeleka cha kutosha, nilikipima mimi mwenyewe pale dukani kabla ya kulipa, na siku nilipoenda kuchukua nguo nilimuona amekalia mto mpya kwenye kiti chake, mwekundu, wa manyoya. Hata ashaukalia mwezi mzima, aufumue, nakitaka kitambaa changu.