Uzoefu wangu: kuchora spektra ya pande mbili kwa GNU Octave

Kazi yangu ni kutengeneza amplifaya na vipaza sauti hapa Langoni, mjini Lamu. GNU Octave, programu ya hesabu isiyolipiwa, niliipakua kwa sababu ya amplifaya ya msikiti mmoja ambayo kila mwadhini alipoiwasha, mvumo ulimtangulia. Mvumo wa aina hiyo una washukiwa wawili wakubwa: 50 Hz (mitetemo 50 kwa sekunde), ambayo ndiyo masafa ya umeme wetu wa Kenya na mara nyingi huingia kupitia waya wa ethi, au 100 Hz, ambayo hutokea pale kapasita ya kulainisha umeme inapochoka baada ya dayodi kugeuza AC (umeme unaopishana mwelekeo) kuwa DC (umeme wa mwelekeo mmoja). Kuyatenganisha hayo mawili kwa sikio tu ni kubahatisha.

Nilirekodi sekunde moja kwa sampuli 8000, yaani vipimo 8000 vya wimbi la sauti, nikazipitisha kwenye amri ya fft, inayokokotoa badiliko la Fourier, yaani hesabu ya kuigawa sauti katika masafa yake, nikachora spektra, mchoro wa ukubwa wa kila masafa. Vilele virefu vilikuwa viwili, kimoja kwenye nafasi ya 101 na kingine huko mwisho, 7901. Nakiri kwamba jioni nzima nilitafuta mlio mwembamba wa 7900 Hz ambao haukuwapo wala haukuweza kuwapo, kwa kuwa sampuli 8000 kwa sekunde hazibebi masafa yanayozidi 4000 Hz. Kilele kile kilikuwa −100 Hz, pacha wa kihesabu wa 100 Hz kwenye upande hasi wa spektra: fft huanza na sifuri, hupanda upande chanya hadi nusu, kisha ndipo huupanga upande hasi, na Octave huhesabu nafasi kuanzia 1. Amri ya fftshift huichukua nusu ya pili na kuiweka kushoto, sifuri ikakaa katikati. Mhimili wa masafa, kutoka −4000 hadi 3999, lazima uutunge mwenyewe, na kwa usumbufu huo naipunguzia programu nyota moja kati ya tano.

Urefu wa vilele nao una hesabu yake. Wimbi la sine la majaribio, lenye ukubwa wa 1, lilinipa vilele vya 4000. Nilipogawanya kwa idadi ya sampuli, kila kimoja kikawa 0.5, kwa sababu wimbi hugawana ukubwa wake nusu kwa nusu kati ya upande hasi na chanya. Kilele cha sifuri, yaani sehemu isiyotetemeka, hakina pacha, kwa hiyo hicho husomwa kilivyo.

Hapo ndipo mchoro uliposomeka. Vilele vya 100 Hz vilivizidi mno vile vya 50 Hz, nikabadilisha kapasita, na mvumo ukatulia. Vilele vidogo vya 50 Hz vilivyosalia vilinisumbua siku mbili zaidi, hadi nilipochomoa chaja ya kompyuta yangu ukutani, nikarekodi upya kwa betri, navyo vikatoweka.