Kusoma sheria za majengo ya ubalozi wa Marekani: huduma ya bure na ya kulipia

Kwa wiki tatu nimetumia huduma mbili za mtandaoni kwa kazi moja, nayo ni kuzielewa sheria za Marekani zinazozuia serikali za kigeni na kampuni zao kutia mkono katika ujenzi wa balozi zake ng'ambo. Ya kwanza ni mkusanyo rasmi wa sheria za shirikisho, unaotunzwa na ofisi iliyo chini ya Baraza la Wawakilishi, ambao hautozi chochote. Ya pili ni ya kibiashara, hulipiwa kila mwezi, na jina lake sitalitaja.

Nilizijaribu zote mbili kwa kifungu cha 402 cha sheria ya usalama wa kidiplomasia na kupambana na ugaidi ya Agosti 1986. Mgeni hujikwaa papa hapa, kwa kuwa sheria ikishaingizwa katika mkusanyo mkuu vifungu vyake hupewa namba mpya, na kile cha 402 kinapatikana sasa kama cha 4852 katika sehemu ya 22, inayohusu mahusiano ya nje. Huduma ya kulipia iliniletea orodha ndefu ya vifungu vyenye namba 402 visivyohusiana na balozi hata kidogo. Ile ya bure ina jedwali la kulinganisha namba za sheria ilivyopitishwa na namba za mkusanyo, na dakika mbili zilinitosha.

Kifungu chenyewe kinastahili kusomwa neno kwa neno. Zabuni za miradi mikubwa, na za miradi inayogusa usalama wa jengo, zimewekewa uzio: anayeruhusiwa ni mkandarasi wa Kimarekani, au ubia ambao Wamarekani wanamiliki angalau asilimia 51 ya mali yake. Tena haitoshi kampuni kuandikishwa Marekani jana na kuomba kazi leo, maana kwa miradi mikubwa inatakiwa iwe imeandikishwa huko kwa zaidi ya miaka 5, na angalau asilimia 80 ya nafasi za usimamizi kwenye eneo la ujenzi zishikwe na raia wa Marekani.

Sharti hilo la wasimamizi huonekana kama ubaguzi wa ajira mpaka ukumbuke yaliyotokea Moscow. Nguzo na boriti za zege za ubalozi mpya wa Marekani zilitengenezwa na Wasovieti mbali na eneo la ujenzi, bila jicho la Mmarekani, na vinasa sauti vikapachikwa ndani ya zege lenyewe. Kazi ilisimamishwa mwaka 1985. Desemba 1991 Vadim Bakatin, aliyekuwa mkuu wa KGB, shirika la ujasusi la Usovieti, alimkabidhi balozi Robert Strauss michoro ya vifaa hivyo, lakini hata baada ya hapo Wamarekani waliona ni salama zaidi kuondoa ghorofa mbili za juu na kujenga nne mpya mahali pake. Jengo lilianza kutumika mwaka 2000. Maandishi ya sheria hayasimulii hayo, na hiyo si kazi yake, ila msomaji asiyeijua habari hii atazipita asilimia zile kama hesabu kavu.

Sehemu iliyonivutia zaidi ni msamaha ulio katika kifungu kidogo cha pili. Nchi mwenyeji ikiwa na sheria inayokataza wakandarasi wa Kimarekani, zuio halitumiki, lakini si papo hapo: ni lazima kwanza Waziri wa Mambo ya Nje alithibitishie Bunge amechukua hatua gani kuishawishi nchi hiyo ibadili msimamo, na atachukua zipi dhidi yake kwa kanuni ya kutendeana, kisha zipite siku 30. Kwa maneno mengine, ukinibana kwako nami nitakubana kwangu. Huduma ya kulipia ilikuwa na muhtasari wa kifungu hiki, mzuri kwa macho, ambao haukuutaja msamaha huo kabisa. Kwa fedha niliyotoa, hilo sikulisamehe.

Chini ya kila kifungu, mkusanyo rasmi huweka maelezo ya marekebisho. Nilinufaika nayo hasa kwenye kifungu cha 4865, kilichotokana na sheria ya 1999 iliyofuata milipuko ya Agosti 7, 1998 ya Nairobi na Dar es Salaam, na kilichotaka jengo liwe angalau futi 100 kutoka mpaka wa kiwanja. Masharti hayo yalilegezwa mwaka 2022, na maelezo yanaonyesha maneno gani yalitoka na yapi yaliingia. Lugha yake ni ya makarani wa sheria, imejaa vifupisho, na siku ya kwanza inachosha.

Nimeshasitisha malipo ya ile ya pili. Atakayeitumia ya bure aangalie tarehe iliyo juu ya ukurasa kabla ya kunakili, na akumbuke kwamba sehemu ya 22 haijapitishwa na Bunge kama sheria kwa ukamilifu wake: maandishi yake ni ushahidi wa awali tu, yaani unaoweza kupingwa, na kwa shauri la mahakamani itabidi aende kwenye sheria kama zilivyochapishwa zilipopitishwa.